Mwenye Chombo na Aulizwe: Funzo la Rhamu kwa Walimwengu



Yako maswali ambayo wakubwa wa dunia huyajadili katika kumbi zenye mazulia, na ambayo watu wa Rhamu wamelazimika kuyajibu kwa miili yao. Mojawapo ni hili: je, binadamu, ambaye akili yake imemwezesha kuvunja atomu, kurusha ndege isiyo na rubani na kuituma sauti yake ng'ambo ya bahari kwa nukta moja, anao uwezo wa kuvitawala vyombo alivyovibuni? Je, aweza kuimaliza migogoro yake kabla vyombo hivyo havijammaliza yeye?

Wako wanaojibu kwamba hawezi. Husema kuwa tamaa ya binadamu ni ile ile ya enzi za mikuki, na kilichobadilika ni urefu wa mkono wake tu. Wako wengine wanaojibu kwamba ataweza, mradi tuwaachie kazi hiyo wataalamu na watawala wenye mkono mzito. Sisi hatukubaliani na kundi lolote kati ya haya. Tunashikilia kuwa chombo hutawalika pale tu ambapo mtu anayekishika anaweza kuulizwa na wale kinaoweza kuwadhuru, naye akalazimika kujibu. Palipo na kuulizana, hata bunduki hutulia. Pasipo na kuulizana, hata kisima cha maji huua.

Hatuhitaji kwenda mbali kuthibitisha jambo hili. Twende Rhamu.

TEMBO WALIOACHA PEMBE ZAO

Rhamu ni mji mdogo katika Kaunti ya Mandera, kando ya Mto Daua, mto unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, ukawa mpaka kati ya nchi hiyo na Kenya, kisha ukaingia Somalia. Kandokando ya mto wakulima hupanda vitunguu, nyanya na ndizi, na wafugaji huteremsha ngamia na mbuzi kuja kunywa. Ni mahali ambapo mtu angedhani historia ya mataifa makubwa haina shughuli napo.

Lakini tarehe 27 Juni 1977, wiki chache kabla ya vita vya Ogaden kupamba moto, maelfu ya askari wa Somalia walivuka mpaka, wakakishambulia kituo cha polisi cha Rhamu wakiwa njiani kuelekea mkoa wa Sidamo nchini Ethiopia. Wakenya 30, polisi na wanajeshi, waliuawa. Kenya haikuwa katika vita hivyo. Rhamu ilikuwa njia tu.

Silaha zile zilitoka wapi? Jeshi la Somalia lilikuwa limejengwa kwa miaka mingi kwa zana za Muungano wa Kisovieti. Mwaka huo huo wa 1977 Wasovieti wakahamia upande wa Ethiopia, na kwa silaha zao pamoja na askari wa Kuba, majeshi ya Somalia yakafukuzwa Ogaden kufikia Machi 1978. Mwaka 1980 Marekani nayo ikafanya mapatano na Siad Barre ili ipate kuitumia bandari ya Berbera, naye akapata msaada. Dola mbili kubwa zilibadilishana mahali kama wachezaji wa bao, na kete walizozisogeza zilikuwa watu.

Tuna methali juu ya tembo na nyasi, ila hapa haitoshi. Tembo wakishapigana huenda zao, nazo nyasi huota tena. Katika pembe hii ya Afrika tembo waliondoka na kuacha pembe zao. Siad Barre alipong'olewa Januari 1991 na Mengistu alipokimbia Mei mwaka huo huo, maghala ya majeshi mawili makubwa yalibaki bila mwenyewe. Bunduki zilizotengenezwa kwa ajili ya vita vya mataifa zikauzwa sokoni, zikavuka mpaka ambao hauna ukuta wala mlinzi wa kutosha, zikaingia mikononi mwa vijana wa Mandera, Wajir na Garissa. Mtengenezaji hakuulizwa. Mgawaji hakuulizwa. Aliyekuja kuulizwa ni mchunga ngamia.

BUNDUKI ILIPOWAPITA WAZEE

Wako wananchi wenzetu huko bara ambao hudhani kuwa watu wa kaskazini ni wapiganaji kwa asili. Hiyo ni dharau itokanayo na kutojua. Wasomali wana sheria yao ya jadi iitwayo xeer, iliyobuniwa makusudi kuzuia vita. Mtu akiuawa, wazee wa pande mbili huketi chini ya mti, muuaji hutambuliwa, na dia hukadiriwa. Kwa desturi dia ya mwanamume ni ngamia 100. Ya mwanamke ni nusu yake, jambo ambalo wanawake wa kaskazini wana haki ya kulikataa. Lakini tuitazame hekima iliyomo katika mpango wenyewe: dia hailipwi na muuaji peke yake, hulipwa na ukoo mzima. Kwa hiyo kila baba ana sababu ya kumzuia kijana wa mwenziwe asitoe kisu alani, kwa kuwa ngamia wake yeye wamo hatarini. Huo nao ni ufundi, ijapokuwa hauna chuma ndani yake.

Xeer iliundwa katika zama za mkuki na jambia. Aliyeua alionekana. Waliokufa walihesabika kwa vidole. Bunduki ya rashasha iliivunja hesabu hiyo. Huua usiku na kwa mbali, na katika saa moja huleta maiti wengi kuliko ngamia ambao ukoo unaweza kuwatoa. Tena nyuma ya kijana anayefyatua risasi yupo mwingine aliyeinunua, na pengine mwingine aliyelipia usafiri. Hao hawaketi chini ya mti. Wazee wamebaki na kesi ambayo mshitakiwa wake mkuu hayupo barazani.

Kati ya mwaka 2012 na 2014 watu wa Rhamu waliliona jambo hilo kwa macho yao. Mapigano kati ya Wagarre na Wadegodia yalipamba moto Rhamu, Banisa na katika maeneo ya mpaka wa Mandera na Wajir. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakahama makwao. Je, jamaa hawa, ambao wameoana na kushiriki visima kwa vizazi vingi, waligundua ghafla kwamba wanachukiana? La. Mipaka ya maeneo ya bunge ilikuwa imechorwa upya, na uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa wa kwanza chini ya serikali za kaunti, zenye bajeti na vyeo ambavyo kaskazini haikupata kuviona. Aliyekuwa na watu wengi mahali fulani siku ya kupiga kura angepata, na aliyefukuzwa angekosa. Risasi ziligeuzwa kuwa karani wa kuhesabu wapiga kura.

HOJA YA MKONO WA CHUMA

Hapo ndipo watetezi wa utawala wa zamani huinuka na kusema: "Mliuomba wenyewe! Enzi za chama kimoja, kulikuwa na amani." Hoja hii ijibiwe waziwazi, kwa maana ingali inavutia wengi.

Jimbo la Kaskazini Mashariki liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963, na sheria hizo hazikuondolewa hadi Novemba 1991. Kwa takriban miaka 28 serikali ilishika kila chombo katika eneo hilo: bunduki, gari, redio, helikopta na kalamu. Hakuna aliyeruhusiwa kuiuliza. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishitakiwe kwa vitendo vya miaka ya vita vya shifta. Tukitaka kujua kama mkono mzito usioulizwa huvitawala vyombo vyake kwa hekima, jaribio hilo limekwisha kufanywa juu ya migongo ya watu.

Matokeo yake? Novemba 1980 Garissa iliteketezwa na watu wakauawa. Februari 1984 wanaume wa Kidegodia walikusanywa kutoka Wajir na vitongoji vyake, wakapelekwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja idadi ya 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilieleza kuwa waliokufa huenda walikaribia 1,000.

Tusilipite neno hilo "uwanja wa ndege" haraka. Uwanja wa ndege ni ahadi. Katika nchi isiyo na barabara ya lami, ndio unaoleta daktari na chanjo, ndio unaompeleka mgonjwa hospitali. Lami ile ile, au changarawe ile ile, iligeuzwa uwanja wa mauti, wala haikuwa kwa kosa la mtambo. Mitambo yote ilifanya kazi kama ilivyotakiwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye haki ya kumwambia ofisa: "Simama, tueleze unafanya nini."

Hata hivyo haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Vyama vingi havikuleta dawa pamoja navyo. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na kufikia mwaka 1992 moto ulikuwa ukiwaka Bonde la Ufa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Hii ni kwa sababu wingi wa vyama huongeza idadi ya wanaotaka kushika chombo, lakini hauhakikishi kwamba atakayekishika ataulizwa. Wale waliodhani mapambano yaliishia katika kufuta kifungu kimoja walisimama njiani.

AKINA MAMA WA WAJIR

Basi ushahidi uko wapi kwamba binadamu anaweza? Uko upande wa kusini, katika mji wa Wajir.

Baada ya ukame na uchaguzi wa mwaka 1992, koo za Wajir zilikuwa zikiuana. Mwaka 1993 kundi dogo la wanawake, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, lilianza kazi pale ambapo wanaume hawakufikiria kuanza: sokoni. Walikubaliana kuwa mwanamke wa ukoo wowote atauza na kununua kwa mwenzake bila kubaguliwa, wakaweka watu wa kuangalia ahadi hiyo inatimizwa. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, kisha vijana, kisha watumishi wa serikali. Septemba mwaka huo wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah. Baadaye kikaundwa kikosi cha kukimbilia mahali penye fununu ya ugomvi, chenye wazee, mashehe, akina mama na maofisa wa usalama katika gari moja. Dekha alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki dunia mwaka 2011.

Tuangalie walichokifanya. Hawakuwa na silaha, wala hawakuwa na uwezo wa kuziondoa zilizokuwapo. Walichofanya ni kuurudisha ule utaratibu wa kuulizana ambao bunduki iliuvunja. Mzee aliuliza: kijana wako alikuwa wapi jana? Mama aliuliza: risasi hizi nani kazileta? Na ofisa aliyekuwa amezoea kuamuru akajikuta ameketi katika gari moja na watu wanaomtaka maelezo. Bunduki zilikuwapo, ila mwenye nazo alijulikana.

KISIMA, SIMU NA KURA

Yaliyo kweli juu ya bunduki ni kweli juu ya vyombo vya amani pia. Mashine ya kuchimba kisima ni rehema katika nchi kame. Lakini kisima kikichimbwa katika malisho yanayogombaniwa, bila wenyeji wa pande zote kuulizwa, makazi huota kukizunguka, lokesheni huombwa, chifu huteuliwa, na malisho yaliyokuwa ya wote huwa ya ukoo mmoja. Mhandisi alipima kina cha maji. Nani alipima kina cha ugomvi?

Simu nayo? Minara ya mawasiliano imewawezesha wafugaji kujua bei ya mbuzi mjini na kuita gari la wagonjwa. Wapiganaji wa al-Shabaab wameilipua minara hiyo mara nyingi Mandera, Wajir na Garissa, kwa kuwa wanajua kuwa mwananchi asiye na simu hawezi kutoa habari. Hata hivyo simu hiyo hiyo hupeleka uvumi wa uongo upesi kuliko miguu ya mzee wa amani. Ng'ambo ya Daua, katika vita vya Ethiopia vilivyoanza mwaka 2020, profesa mmoja aliuawa Novemba 2021 baada ya kuandikwa vibaya kwenye Facebook. Mwanawe, pamoja na wenzake, aliishitaki kampuni ya Meta mbele ya Mahakama Kuu ya Nairobi Desemba 2022, akidai kuwa mitambo yake ilieneza chuki. Kampuni ilipinga kuwa mahakama hiyo haina mamlaka juu yake. Aprili 2025 mahakama ikaamua kuwa inayo. Kesi ni jambo moja na hukumu ni jingine, lakini tayari jambo kubwa limesemwa: mwenye mtambo, hata akiwa ng'ambo ya bahari, anaweza kuitwa barazani Nairobi.

Na kura? Mwaka 1988 tulipigishwa foleni za mlolongo, na foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu mchana kweupe. Tukaambiwa mashine zitatuokoa. Mwaka 2017 mashine zilitumika, na Mahakama ya Juu ilipoamuru kompyuta kuu za tume ya uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe, amri haikutimizwa ipasavyo. Tarehe 1 Septemba mwaka huo, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, mahakama iliyafuta matokeo ya urais. Mwaka 2022 tume iliziweka fomu za vituo vyote kwenye tovuti, na mwananchi yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe. Malalamiko hayakwisha, lakini safari hii yalijadiliwa kwa karatasi ambazo kila mmoja aliziona. Kati ya mwaka mmoja na mwingine, tofauti kubwa haikuwa katika ubora wa mitambo. Ilikuwa katika mlango: mmoja ulifungwa, mwingine ukaachwa wazi.

Hata silaha ya kutisha kuliko zote inatufundisha hivyo hivyo. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita ya nyuklia, ikayavunja, na mwaka 1993 ikautangazia ulimwengu. Mwaka 1996 mataifa ya Afrika yalitia sahihi Mkataba wa Pelindaba, ambao ulianza kutumika mwaka 2009 na kulifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha hizo. Atakayesema binadamu hawezi kamwe kuliweka chini jiwe alilokwisha kuliokota, na alieleze hilo.

WASIOULIZIKA

Msomaji makini atatukabili na swali gumu: mtegaji wa bomu barabarani ataulizwa na nani? Tangu majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011, barabara za Mandera zimemeza magari ya polisi na mabasi ya raia. Muuaji wa namna hiyo haji barazani.

Ni kweli, haji. Lakini haishi angani. Hupita katika malisho ya mtu, hununua maji kwa mtu, huchimba shimo ambalo mchungaji ataliona alfajiri. Je, mchungaji huyo atasema? Atasema ikiwa anaamini kuwa ofisa atamsikiliza na kumlinda. Hatasema ikiwa babu yake alipelekwa Wagalla na hakuna aliyejibu. Desemba 2015, karibu na El Wak, washambuliaji walilisimamisha basi wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Abiria wale hawakuwa na silaha yoyote, nao waliyaokoa maisha ambayo vifaru visingeyaokoa. Watu wa namna hiyo ndio ngome ya nchi, na serikali inayowatukana kila penye kizuizi cha barabarani huibomoa ngome yake yenyewe.

TUNACHODAI

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Walikuwa na maana kwamba atajikata, naye atajifunza. Lakini nyembe za zama hizi hazimkati anayezililia. Humkata jirani yake. Kwa hiyo tuna wajibu wa kusimama mlangoni na kuuliza.

Tunadai, kwanza, kwamba kila bunduki inayogawiwa askari wa akiba iandikwe katika daftari ambalo kamati za amani zinaweza kulikagua, kama Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inavyotaka silaha zitiwe alama na kuandikishwa. Pili, ripoti ya Tume ya Ukweli itekelezwe, kwa kuwa imelala tangu mwaka 2013, na anayeilaza anawafundisha wauaji wa kesho kwamba hawataulizwa. Tatu, kisima kisichimbwe wala mpaka usichorwe kabla ya koo zote zinazohusika kusikilizwa, zikiwamo zile ndogo ambazo mapatano ya wakubwa huzisahau, na wanawake wasiitwe kupika chai ya mkutano bali kuamua ndani yake. Nne, mitambo ya kura ifunguliwe kukaguliwa na vyama vyote na mahakama, kabla ya kila uchaguzi na baada yake.

Na wewe, msomaji, usingoje tume. Katika lokesheni yako, uliza kisima kimechimbwa kwa ruhusa ya nani. Uliza bunduki ya askari wa akiba inalala nyumba gani. Ukipokea habari ya kuchochea katika simu, muulize aliyeituma ameipata wapi, kabla hujaipeleka kwa mwingine. Ni maswali madogo, lakini watu wa Wajir walianza na madogo kuliko hayo: bei ya maziwa, na nani ana haki ya kuyauza.

Binadamu anaweza kuvitawala vyombo vyake na kuitatua migogoro yake. Hataweza akiwa mtawala peke yake. Ataweza akiwa raia kati ya raia, anayeuliza na kuulizwa.